Miguu ya Shen Xuelian

Hefei, 12 Machi 1987

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa kivuko kilichelewa na basi la ng'ambo likatuacha tumesimama kwenye baridi. Kashata zako za ufuta ndizo zilizotuokoa. Zilizobaki, wenzangu wa chumbani walizimaliza kabla sijafungua begi vizuri. Kikohozi chako kimekuacha? Baba ameandika? Mimi sijapata neno lolote kutoka Xinjiang tangu kabla ya mwaka mpya. Nadhani theluji bado imefunga njia, au Mama bado ana kinyongo kwa kuwa sikuwatembelea.

Sasa habari za huku. Tumepewa kocha mpya wa mpira wa meza, anaitwa Zuo, mwembamba kama mpini wa ufagio, na ufagio wenyewe hauachi mkononi. Siku ya kwanza alinichezesha mbele ya timu nzima. Nilipomaliza akasema, "Fang Liqiu, mikono yako ni ya fundi cherehani. Miguu yako ni ya bata aliyeshiba."

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Kocha, bata wa kwetu Wuhu hawapati nafasi ya kushiba. Wanachinjwa mapema."

Yeye hakucheka. "Basi anza kukimbia," akasema.

Tangu hapo asubuhi sishiki kibao kabisa. Nakunja magoti, nainua visigino, nateleza kando kushoto, nateleza kulia, halafu mpira wa mbali naufuata kwa kupishanisha miguu. Kisigino kikigusa sakafu, napigwa kwa mpini wa ufagio. Mchana ndipo linaletwa beseni lililojaa mipira, naye ananirushia mmoja baada ya mwingine kwenye kona zote bila kunipa nafasi ya kupumua. Upande wa pili wa meza ameweka mfuniko wa kikombe chake cha chai, na lazima niupige. Nikiwa nimesimama naupiga nitakavyo. Nikiwa nahama, mpira unakwenda kumwamkia mlinzi wa mlangoni. Anasema tatizo langu ni kwamba nasubiri mpira ufike ndipo nikumbuke kuwa nina miguu.

Shangazi, mwezi wa Novemba kuna Michezo ya Taifa kule Guangzhou. Jimbo letu litapeleka wasichana wanne. Gu Yanhong hana mpinzani, yeye ni wa kwanza. Mimi niko hapo mwishoni napigania nafasi na wenzangu wawili. Hata kitandani miguu yangu inatambaa yenyewe. Msichana wa kitanda cha juu analalamika kwamba analala juu ya mashine.

Niombee.

Mwanao wa mkono wa kushoto,
Liqiu


Wuhu, 2 Aprili 1987

Liqiu mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimeondoka, lakini kimeniachia sauti ya jogoo mzee. Baba yako ameandika mistari michache: upepo, pamba, bei ya makaa. Mama yako anakusalimu. Hana kinyongo, ni mtu wa maneno machache tu, na maneno machache yakisafiri toka Xinjiang mpaka hapa yanafika yamepoa.

Kiwandani tunashona makoti ya mvua. Nilimwambia Xiumei wa meza ya vifungo, yeye peke yake, kwamba unaelekea Guangzhou. Kumwambia Xiumei ni sawa na kutangaza redioni. Siku ya pili msimamizi akanipongeza. Sasa chama cha wafanyakazi kinasema mwezi huo wa Novemba televisheni itahamishiwa ukumbi wa kulia chakula ili sote tukuone. Kwa hiyo, mwanangu, usinifanye nitembee nimejifunika uso.

Kuhusu miguu, sishangai. Tangu mdogo ulikuwa unaitwa chakula, unaitikia "naja", na huinuki. Hata mimi nilitamani ufagio.

Mpishi wetu wa kantini, Bwana Qin, anasema bata aliyeshiba akitishwa hukimbia kuliko kuku. Usiniulize kwa nini nilimsomea barua yako. Alikuwa amekaa karibu.

Nimekutumia mboga za chumvi na soksi. Soksi ni nene kwenye kisigino, labda ufagio hautauma.

Shangazi yako,
Huizhen


Hefei, 20 Mei 1987

Shangazi,

Shikamoo. Mboga zimefika, chupa haikupasuka. Soksi nimezivaa. Samahani kwa kuchelewa kujibu.

Mimi ni mzima. Miguu inaendelea vizuri. Kocha Zuo amenipa kazi maalumu, naifanya asubuhi na jioni. Natazama mkanda wa video wa mchezaji mmoja wa mkono wa kushoto kutoka jimbo la Liaoning, anaitwa Shen Xuelian, na najifunza anavyohama. Akipigiwa kona ya kulia hapigi kwa mgongo wa mkono kama sisi wengine. Anaizunguka kona yote, anapiga kwa upande wa kiganja. Kila mtu anadhani sasa kona ya kushoto ameiacha wazi. Mpira ukitumwa huko, anavuka meza kwa hatua moja, mguu wa kulia ukipita mbele ya wa kushoto, na anaufikia. Ni kama mtu anayeruka mfereji huku amebeba bakuli la mchuzi bila kumwaga.

Nimeanza kuipata hatua hiyo. Mara nyingine.

Nakuomba, usiwaambie watu mengi zaidi kuhusu Guangzhou. Bado mapema.

Liqiu


Wuhu, 11 Juni 1987

Liqiu mwanangu,

Barua yako ni fupi kama mkia wa sungura. Nimeigeuza nyuma nione kama kuna kingine.

Mvua zimeanza. Nguo hazikauki, ukuta wa kwenye kitanda chako umeota ukungu, na paa lilivuja pale juu ya meza mpaka likazibwa. Limezibwa vizuri.

Sasa sikiliza. Ofisi ya reli hapa Wuhu inaunda timu ya mpira wa meza. Wanataka msichana mmoja aliyepitia timu ya jimbo. Atapewa ajira ya kudumu, kazi ya kukata tiketi, na atacheza kwa niaba ya ofisi. Mwenye kuchagua alikuja kiwandani akaniuliza habari zako yeye mwenyewe. Nikamwambia nitakuuliza. Wanataka jibu kabla mwezi wa Julai haujaisha.

Sikulazimishi. Ukisema ndiyo, kitanda chako kipo. Ukisema hapana, sema hapana. Nisichokitaka ni ukimya. Una miaka kumi na tisa, si mtoto. Nahitaji kujua, nina sababu zangu.

Watu wananiuliza kila siku kama orodha ya Guangzhou imetoka. Imetoka?

Shangazi yako


Wuhu, 25 Agosti 1987

Liqiu,

Nimekuandikia mara mbili baada ya barua ya reli, nawe umenyamaza. Jumamosi iliyopita ile nafasi amepewa mtoto wa mwenye duka la baiskeli. Hajui hata kushika kibao, lakini baba yake alijibu upesi.

Sina hasira ya kazi. Kazi zipo. Hasira yangu ni kwamba nimekulea tangu ukiwa na miaka sita, nakujua unavyokohoa, na sasa sijui kama uko hai au umekufa. Nilipiga simu kwenu kutoka posta. Mtu aliyepokea akasema, "Fang Liqiu? Ah, Shen. Yuko mezani." Nikamwambia namtafuta Fang, si Shen. Akacheka, akakata.

Shen ni nani?

Huizhen


Hefei, 6 Septemba 1987

Shangazi,

Shikamoo, na usiikatae. Nisamehe. Kila nikianza barua nilikuwa nafika kwenye salamu nakwama.

Shen ni mimi.

Mwanzoni mwa Mei Kocha Zuo aliniita pembeni. Akaniuliza kama najua ni nani anayemshinda Yanhong kila wanapokutana. Nikasema ni Shen Xuelian wa Liaoning, kila mtu anajua. Akasema, "Ana mkono wa kushoto. Katika timu yetu mwenye mkono wa kushoto ni wewe peke yako. Kuanzia leo wewe ni Shen Xuelian. Utasimama kama yeye, utahama kama yeye, utaanzisha mpira kama yeye, utafuta jasho kama yeye. Yanhong akuzoee mpaka siku akikutana na mwenyewe asishtuke."

Nikamuuliza, "Na mimi mwenyewe nitacheza lini?"

Akasema, "Orodha ya wanne imekamilika, Liqiu. Hukuwemo. Hii ndiyo nafasi niliyoweza kukupatia, vinginevyo ungeshafunga begi."

Kwa hiyo Guangzhou nitakwenda, lakini kubeba maji na kurusha mipira. Televisheni haitanionyesha. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nauona huo ukumbi wa chakula, na Xiumei ameshika kiti cha mbele.

Ofisi ya reli nayo nilishindwa kuikataa, nikashindwa kuikubali. Nikirudi sasa ningerudi nani? Wenzangu wote wananiita Shen, hata mpishi anayetugawia tambi. Nikishika kibao nicheze mchezo wangu wa zamani, mkono unaanza, miguu inakataa, inakwenda ilikofundishwa. Na jambo linalonikosesha raha ni kwamba ile miguu ni mizuri. Kocha hajanigusa kwa ufagio tangu Juni. Mfuniko wa kikombe naupiga nikiwa hewani. Nimepata kile nilichokililia, nimekipata kwa jina la mtu mwingine.

Ngoja nikwambie na lililotokea Agosti. Wakubwa wa jimbo walikuja kuangalia mazoezi. Kabla ya kuanza, Kocha Zuo alinifungia kamba ya kiatu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniambia chini chini, "Leo mtie moyo Yanhong." Nilielewa.

Nikashindwa. Si kwa kulegea, wangegundua. Nilikuwa naufikia kila mpira, halafu naupeleka nje ya meza kwa upana wa kidole. Udhibiti wote niliousotea tangu Machi nikautumia kukosea. Wakubwa wakapiga makofi.

Yanhong akanifuata mpaka kwenye mabomba ya kunawia. Unajua simpendi sana, anatembea kama mtu aliyekabidhiwa dunia. Akafunga bomba langu kwa mkono wake.

"Unanionaje?" akasema. "Unaniona mtoto?"

"Niliambiwa."

"Najua uliambiwa. Shen naye ataambiwa? Mimi nitasimama kule peke yangu, Liqiu, wewe utakuwa umekaa na taulo. Ukinikosea tena makusudi nitakuvunjia kibao."

Aliniita Liqiu. Tangu siku ile nampiga kwa nguvu zangu zote, na siku nyingi namshinda, na Kocha Zuo anaangalia dari.

Basi nimekwambia. Waambie watu, au usiwaambie. Na wewe je, hiyo sababu yako ya kutaka kujua haraka ni ipi? Na paa nani alilipanda?

Liqiu


Wuhu, 21 Septemba 1987

Liqiu mwanangu,

Marahaba, na mara mia. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Nimewaambia. Sikungoja Novemba. Tulikuwa tunakula, nikasimama na kijiko changu nikasema, "Liqiu hatacheza. Anamwiga mpinzani ili mwenzake ashinde." Xiumei akasema, "Kumbe kazi yake ni kupigwa?" Nikamwambia, "Wewe unashona vifungo kwenye makoti ambayo hutayavaa hata siku moja. Umewahi kujiona mjinga?" Akanisogezea nusu ya yai lake la chumvi. Ndivyo anavyoomba radhi yule.

Lakini sitakudanganya kwamba sikuumia. Niliumia. Hata si kwa ajili ya televisheni. Niliumia kwamba uliibeba miezi yote hiyo peke yako kama mtu asiye na kwao.

Sasa zamu yangu, maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi kuzaa nimeshapita, lakini nimeficha vya kutosha.

Paa lilipandwa na Qin. Yule mpishi. Amekuwa akiniletea mikate ya mvuke tangu mwaka juzi nami nikijifanya naipokea kwa sababu imebaki. Mwezi wa Mei aliniomba tuoane. Nimekuwa mjane miaka mingi, mwanangu, nilidhani mlango huo umeshaota kutu. Nilimwambia angoje.

Chumba tunacho kimoja. Ungekubali kazi ya reli ungerudi, na kitanda ni chako, na nisingeweza kumleta mwanamume nyuma ya pazia huku msichana mkubwa amelala upande huu. Ningemwambia Qin basi. Ungekataa, ningemkubali. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia kama mtu anayewashwa na upupu. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungechagua kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Wewe ulinyamaza kunilinda, na mimi nikanyamaza kukulinda, na mtoto wa mwenye duka la baiskeli ndiye anayekata tiketi.

Tumekwenda kuandikisha ndoa juzi. Hakukuwa na sherehe, bata mmoja tu na majirani. Kitanda chako kipo palepale. Qin ametengeneza kingine chembamba ambacho mtu akigeuka lazima amwombe mwenzake ruhusa.

Kuhusu miguu. Sijui michezo. Ila nilijifunza kushona kwa mama mkwe wangu, na kwa muda mrefu kila nilichoshona kilifanana na chake mpaka watu wakituchanganya. Sikumbuki ni lini kiliacha kufanana.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Hefei, 8 Desemba 1987

Shangazi,

Shikamoo wewe, na shikamoo Bwana Qin. Nimwiteje? Nimejaribu majina kadhaa mbele ya kioo, yote yananichekesha. Barua yako niliibeba mpaka Guangzhou, nimeshindwa kuijibu kwa sababu sikuweza kutulia mahali pamoja nikashika kalamu. Sikasiriki hata kidogo. Nasikitika tu kwamba hamkunialika kula huyo bata.

Nisikilize sasa.

Yanhong alikutana na Shen Xuelian kwenye robo fainali. Nilikuwa kwenye benchi, taulo magotini. Nilipomwona Shen akiingia nilishtuka. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Mpira wa kwanza tu nikajua kuna kitu hakiko sawa. Yanhong alimpigia kona ya kulia, nami miguu yangu chini ya benchi ikaanza kuzunguka. Shen hakuzunguka. Alisimama akapiga kwa mgongo wa mkono, mpira wa kawaida kabisa. Tena, na tena. Nikamtazama Kocha Zuo, naye ananitazama mimi.

Yanhong alimshinda seti mbili bila jasho. Alipokuja kuchukua taulo aliniambia, "Wewe ni mgumu kuliko yule." Akapoteza nusu fainali kwa msichana wa Hebei, lakini amerudi na shaba, na jimbo zima limefurahi.

Asubuhi iliyofuata ile mechi na Shen, niliachiwa kuokota mipira katika ukumbi wa mazoezi. Watu walikuwa hawajaja. Akaingia Shen Xuelian na begi lake, akaniuliza kama nina nafasi ya kumpigia mipira kidogo, mwenzake anaumwa tumbo. Nikasema ninayo. Nikasimama.

Tulianza taratibu. Halafu sijui nini kilinipata. Alinipigia kona ya kulia, nikazunguka, nikapiga kwa kiganja. Akaurudisha kona ya kushoto, nikavuka kwa ile hatua, nikaufikia, nikamwekea kwenye kona yake ya mbali. Hakuufuata. Alishusha kibao.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaja upande wangu, akachuchumaa kabisa akaangalia miguu yangu kama anayekagua meza iliyovunjika.

"Nani kakufundisha hiyo?"

"Wewe," nikasema. "Kwa video. Tangu Mei mimi ndiye wewe."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Maskini wee. Na jana nilikuwa nashangaa Yanhong ananingoja kwenye kona nisiyokwenda." Akavua soksi, akanionyesha kifundo cha mguu. Kimevimba upande mmoja, kina kovu. "Kiliniharibikia mwaka jana mwishoni. Daktari amenikataza. Hatua hiyo sinayo tena."

Nikakaa karibu yake. Nilikuwa sijui niseme pole au nini. Nimesota miezi saba kumwiga mtu ambaye ameshaacha kuwa yule mtu.

"Inakuuma?" nikamuuliza.

"Kifundo hakiumi sana. Kuiona kwako ndiko kumeniuma." Akafunga kamba ya kiatu. "Lakini mimi nilikuwa naivuka kwa kifua kimeelekea wavuni. Wewe unageuza bega. Kwa nini?"

"Sijui. Mikono yangu ndivyo inavyopenda."

"Bora hivyo. Ukigeuza bega hawajui unaupeleka wapi. Mimi nilikuwa sifanyi hivyo, ni mambo yako hayo." Akainuka. "Jina lako nani?"

Nikamwambia. Tukacheza mpaka watu walipoanza kuingia, na hakunionea huruma.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi, Kocha Zuo alikuja na chai yake akakaa mbele yangu. Akasema nimefanya kazi nzuri, jimbo limeridhika, na sasa kuna msichana wa Sichuan anayekuja juu, ana mkono wa kushoto vilevile, video yake itafika baada ya mwaka mpya.

Nikasema, "Kocha, naomba niingie mchujo wa Januari, ule wa kuchagua wanne wapya."

"Kama nani?"

"Kama mimi."

"Nikimpa mtu mwingine kazi hii sitakurudishia. Ukishindwa huko utafunga begi."

"Nikishindwa, atakuwa ameshindwa Fang Liqiu. Huyo hajapewa hata nafasi ya kushindwa."

Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Usilete yale ya mwezi wa nane," akasema.

"Yale ya mwezi wa nane yalikuwa yako, Kocha."

Nilidhani atanifukuza kwenye behewa. Akaangalia nje, kulikuwa na mashamba tu na mvua. Akasema nitaona jina langu ubaoni, au sitaliona.

Nimeliona leo asubuhi. Limeandikwa la mwisho. Ninaogopa, Shangazi. Nilipokuwa Shen nilikuwa siogopi.

Liqiu


Hefei, 24 Januari 1988

Shangazi, na Baba Qin (nimejaribu, niambie kama anakataa),

Shikamooni. Naandika haraka, barua iwahi gari la posta.

Mchujo umekwisha. Tulikuwa saba, wanabaki wanne. Yanhong alinishinda, na hakunipa hata tabasamu, ndivyo anavyoheshimu mtu. Mwingine akanishinda kwa uzembe wangu, nilikuwa bado sijaamua nacheza mchezo wa nani. Nilianza nikiwa Shen, nikakumbuka simtaki, nikarudi kwenye mchezo wangu wa zamani, nao ukanitazama kama mgeni. Kocha wa timu ya pili akapiga kelele, "Shen, amka," watu wakacheka, nami machozi yakanikaribia.

Mechi ya mwisho ikawa na msichana wa miaka kumi na sita ambaye visigino vyake sidhani kama vinajua sakafu. Mshindi anabaki. Seti ya kwanza yangu, ya pili yake. Ya tatu tukafika kumi na tisa kwa kumi na tisa, na seti inaisha ishirini na moja. Sikuwa nafikiri tena. Alinipigia kulia, nikazunguka kama Shen. Aliporudisha nikabaki karibu na meza na kuuzima tu, kama nilivyokuwa nafanya kwenye meza ya saruji uani kwetu, laini, mfupi, ukafia nyuma ya wavu. Hakuutegemea. Hata mimi sikuutegemea. Mpira uliofuata nikauvukia kona ya kushoto, bega nimeligeuza, nikaupeleka mahali ambapo hata Kocha Zuo alikuwa haangalii.

Nimebaki, Shangazi. Wa nne.

Sikuruka wala kulia. Nilisikia njaa. Nikaenda kula tambi bakuli mbili.

Nitakuja kwa sikukuu ya mwaka mpya wa jadi. Kocha ameturuhusu.

Liqiu


Wuhu, 4 Februari 1988

Liqiu mwanangu,

Marahaba, na Baba Qin anasema marahaba. Kusema kweli hakusema, alikwenda jikoni ghafla akakaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu akadai ni vitunguu. Kwa hiyo endelea kumwita hivyo.

Barua yako niliipokea getini wakati wa mapumziko, na kwa kuwa Xiumei alikuwa ameshaniona, nikaisoma kwa sauti pale pale kwenye meza ya vifungo. Sehemu ya kumi na tisa kwa kumi na tisa nilisita, wakanipigia kelele nisome. Hakuna hata mmoja wao anayeelewa kuzunguka kona wala kugeuza bega. Msimamizi alikuja kutukaripia, akabaki kusikiliza.

Nilipomaliza, mmoja wa wasichana wapya, ambaye hajui lolote la mwaka uliopita, akauliza, "Kwa hiyo amekuwa wa ngapi?"

"Wa nne," nikasema.

"Wa nne tu?"

Wenzake wakamkodolea macho. Mimi nilikuwa nakunja barua, sikuwa na haraka.

"Wa nne," nikamwambia. "Yeye mwenyewe."

Panda kivuko cha asubuhi, cha jioni hakiaminiki na ukungu huu. Tutakuja wote wawili kukupokea.

Shangazi yako,
Huizhen